Dogo alipotulia ndipo tulipokaribia kumpoteza: uzi kwa wanaouguza ndugu mwenye skizofrenia

DadaMkubwa
Wakuu habari za jioni. Uzi huu nimeuandika nikaufuta kama mara nne hivi, leo nauachia hivyohivyo ulivyo. Ni mrefu. Ndani yake naongelea kujiua, njia sitaitaja na nawaombeni na nyie msiitaje kwenye komenti, humu kuna watu wanasoma wakiwa pabaya. Kama wewe ni mmoja wao usiusome peke yako usiku huu, mwite mtu akae na wewe kwanza.

Mdogo wangu, humu nitamwita Dogo tu, ana skizofrenia, ule ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie au aamini vitu ambavyo havipo. Ilimuanza akiwa chuo mwaka wa pili, ana miaka 21, mtoto wa kwanza kwetu kufika chuo kikuu. Alianza kwa kukosa usingizi, ikaja kuziba madirisha kwa magazeti, mwisho akawa anajibizana na watu ambao sisi hatuwaoni. Hapo ukoo mzima ulikimbia. Baba mdogo alitoka Makambako usiku kwa lori la mbao, mama akauza ng'ombe, mimi nikaomba ruhusa kazini Dodoma, tukazunguka kwa waombaji na kwa mganga mmoja kabla hatujafika hospitali. Kipindi kile cha kelele hakuna aliyelala, na Dogo hakuwa peke yake hata dakika moja.

Akalazwa wiki tano, sauti zikapungua, akaruhusiwa. Na sisi wote tukaenda kulala.

Alirudi nyumbani Njombe mwezi wa sita, ile baridi ya kule mnaijua. Alikuwa ametulia mno. Anafua nguo zake, anachanja kuni, ukimuuliza hali anakujibu "niko poa". Mama kila jioni anapiga simu kumshukuru Mungu. Wiki ya pili akampa mtoto wa jirani raba zake, zile alizonunua kwa hela ya bumu chuoni na alizokuwa anazipiga brashi kila Jumapili, tukamsifia kwamba ana moyo wa kutoa. Wiki ya tatu akanipigia mimi, tukapiga stori za kawaida, halafu katikati akasema, "Dada, nimewamaliza." Nikamwambia usiseme hivyo bwana, si umeshapona, nikageuza mada nikamuuliza mahindi mmemaliza kuvuna?

Siku nne baadaye alijaribu kujiua. Baba mdogo alikuwa amekuja kufuata msumeno wake, ndiye aliyemuwahi.

Yuko hai wakuu, ni mwaka wa nne sasa, na uzi huu ameusoma kabla yenu na amekubali niuweke. Ila lile swali la mahindi sijalisahau.

Ngoja niendelee chini, simu inaandika taratibu.

DadaMkubwa
Tunaendelea. Tulivyomrudisha hospitali (jina naliacha) tulikaa benchi kutoka saa mbili asubuhi mpaka saa nane mchana, na mapokezi dada mmoja alimwambia Dogo mbele za watu kwamba wenzake wanatafuta uhai na yeye anautupa. Baba mdogo kwa kuogopa polisi alitaka tuseme ameanguka tu. Nayaandika haya ili anayeenda leo ajiandae moyo na asigeuke njiani, maana ndani mlemle wodini kuna mama mmoja nesi mtu mzima ambaye mpaka leo namuombea.

Alivuta kiti akakaa akawa usawa wa macho ya Dogo. Hakushusha sauti kama watu wanaoongea msibani, aliuliza kama anavyomuuliza mtu unaumwa wapi.

"Sauti bado zipo?"
"Zipo kidogo."
"Zinasemaje?"
"Zinasema nimemaliza ng'ombe wa mama."
"Zikisema hivyo, moyoni unasikiaje?"

Dogo akanyamaza muda mrefu, mimi nikataka kumsaidia kujibu, nesi akaninyooshea kiganja nisubiri.

"Aibu," akasema. "Naona aibu mpaka natamani nisiwepo."

Nimemlea yule mtoto mgongoni na hilo neno sikuwahi kulisikia kwake. Na angalieni, sauti haikudanganya kuhusu ng'ombe, kweli waliuzwa. Dogo alikuwa amepata nafuu ya kutosha kuiona hasara yake yote kwa mkupuo mmoja: chuo kimekatika, wenzake wanamaliza, mchumba hapokei simu, mtaani watoto wanamwita kichaa. Dawa ilikuwa imeshughulika na sauti, ila ile aibu hakuna aliyeigusa, tuliiacha iote ndani ya mtu aliyetulia.

Ndicho nilichokuja kusema. Sisi tunaouguza tunapima ugonjwa kwa kelele, tukisikia kimya tunahesabu kupona. Kwa upande wa kujiua hesabu hiyo ni ya hatari. Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya watu 720,000 hufa kwa kujiua kila mwaka duniani, na skizofrenia inampata kama mtu mmoja katika kila watu 300. Kwa wenye skizofrenia makadirio yanayotumika sana ni kwamba kama watano katika kila mia hufa kwa njia hiyo, na wengi ni miaka ya mwanzo ya ugonjwa na zile wiki na miezi baada ya kutoka wodini, yaani palepale sisi tulipoenda kulala. Msomaji uone na upande wa pili, 95 katika mia hawafi hivyo, kwa hiyo hakuna aliyeandikiwa.

Mzee wa Kibena
Binti yangu pole sana, nimesoma na mke wangu. Nina swali na nisamehe kama ni la kizamani. Huyo nesi kumuuliza kijana moja kwa moja mambo ya kutamani kufa, si ndio kumtia wazo ambalo hakuwa nalo? Sisi tumelelewa kwamba jambo baya halitamkwi.

NesiWaZamu
Shikamoo mzee. Nimefanya wodi ya afya ya akili miaka 14, naomba nikujibu mimi kwa ruhusa ya dada mwenye uzi.

Hapana, kuuliza hakumtii mtu wazo, limefanyiwa utafiti sana. Aliye nalo anapata mahali pa kulitua, asiye nalo anakwambia hapana na maisha yanaendelea. Kinachoumiza ni kuuliza kwa kukwepa, "hauna mawazo mabaya eti?", hapo umeshamwambia jibu unalolitaka na atakupa hilohilo. Mimi nauliza hivi: umewahi kufika mahali ukatamani usiamke? Akisema ndiyo, umewaza kujiua? Umepanga namna? Na kwa mgonjwa anayesikia sauti naongeza, je zinakuamrisha ufanye kitu, na unaweza kuzikatalia? Hilo la mwisho ndugu wengi hawaliulizi. Sauti zinazoamrisha zipo, na mgonjwa anazitii zaidi pale anapoamini hiyo sauti ina nguvu kuliko yeye. Akikwambia "leo nashindwa kuikatalia" usisubiri kliniki ya Jumanne, usimwache peke yake, mlete siku hiyohiyo.

Dalili nyingine dada ameshaitaja bila kujua, zile raba. Mtu kugawa vitu vyake anavyovipenda, kuaga watu wa mbali, kulipa madeni madogomadogo ghafla, uso kuwa mwepesi baada ya wiki za huzuni, haya tuyaulize palepale.

Jingine, na hili hata sisi wahudumu linatupita. Kuna wagonjwa dawa za zamani kama haloperidoli au ile sindano ya mwezi zinawaletea kutotulia mwili. Hawezi kukaa kitini, anatembea uani kwenda na kurudi, akisimama anakanyaga palepale mguu huu mguu ule, usiku anaamka amechoka kama alilima. Wenyewe wanasema ni kama mtu anatekenya mifupa kwa ndani. Familia inaona ugonjwa umepanda inaomba dozi iongezwe, ikiongezwa ndo inazidi. Mateso hayo peke yake yanaweza kumfanya mtu atamani kufa. Yanatibika: dozi inapunguzwa, dawa inabadilishwa, au anaongezewa dawa nyingine kama propranololi. Mseme hivyo kwa daktari, "miguu haitulii tangu aanze dawa hii", ila msikatishe dawa wenyewe nyumbani.

DadaMkubwa
Nesi asante kwa hilo la miguu. Dogo alikuwa nalo na mama alikuwa anamwambia akae kwa adabu wageni wakija.

Sasa niseme tulichofanya maana piemu zimejaa mnauliza.

Kwanza neno "poa" lilipigwa marufuku. Yule mama nesi alisema mtu akishajibu poa umefunga mlango kwa nje. Wakaanza na Dogo kutafuta majina ya anachosikia, na kusema kweli lugha yetu ina majina, ni sisi tumeyaacha: aibu, hofu, uchungu, kinyongo, upweke, hatia, fadhaa, moyo mzito, roho kukosa pa kukaa. Dogo alikuwa na kalenda ya ukutani ya kanisani, kila jioni anaandika neno moja kwenye kile kiboksi cha tarehe na namba kuanzia moja mpaka kumi. Baada ya mwezi na nusu tuliona kitu ambacho hakuna kati yetu alikuwa amekihisi, sauti zinapanda siku ya pili baada ya "aibu 7" au "upweke 8", na mara nyingi ni alasiri, saa kumi hivi, watu wanapotoka kazini na kuanza kupita njiani. Yaani hisia inatangulia, sauti inafuata nyuma. Ukiiwahi hisia kuna siku sauti inakuja imechoka.

Namna za kuiwahi nyingi zinatoka kwenye tiba ya mama mmoja Mmarekani anaitwa Marsha Linehan, wa Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle. Huyu mama mwaka 1961, akiwa binti wa miaka 17, alifungiwa wodini Hartford, Connecticut, wakamwandikia kwamba ana skizofrenia, akapigwa dawa na umeme, na alikuwa anajiumiza mwenyewe. Alipona akasoma akawa mwanasaikolojia, akatengeneza tiba ya watu wanaotaka kufa, na mwaka 2011 akarudi kusimama kwenye hospitali ileile akasema hadharani kwamba na yeye alikuwa mgonjwa pale. Baadaye yeye mwenyewe aliona ile skizofrenia walimsingizia, na tiba yake hakuilenga kwenye skizofrenia, kwa hiyo mtu asije akasema humu kwamba nimewaambia waache dawa. Dogo anachoma sindano yake kila mwezi. Lakini mbinu za kuishika hisia isikubebe, hizo zinamfaa mwenye hisia yeyote.

Alizochukua Dogo ni hizi. Hisia ikivuka nane anachota maji ya baridi kwenye karai, na maji ya Njombe mwezi wa saba hayahitaji barafu, anazamisha uso huku amebana pumzi sekunde kama 20 au 30, mara mbili. Mapigo ya moyo yanashuka kweli, nimemshika mkono nikahesabu mwenyewe. (Mwenye tatizo la moyo asifanye kabla ya kumuuliza daktari.) Akitoka hapo anapumua, kutoa pumzi kuwe kurefu kuliko kuvuta. Ya pili ni kufanya kinyume cha hisia inachotaka. Aibu inataka ujifiche chumbani, kwa hiyo siku ya aibu Dogo anabeba ndoo anaenda bombani na lazima asalimie watu watatu kwa majina. Siku ya kwanza alisalimia mmoja akarudi anatetemeka jasho linamtoka na baridi lile. Mama akamwambia "kesho wawili", wala hakumpigia makofi, na nadhani hiyo ndiyo ilimsaidia zaidi.

Kuna mtu alimshauri kufumba macho na kutafakari nusu saa, ikawa mbaya, sauti zilijaa chumba. Kumbe kwa wenye sauti inafanywa dakika chache tu, macho wazi, mtu anayeijua akiwa pembeni.

Mvumilivu_87
Dada naomba niongee mimi kama mwenye ugonjwa, nina miaka 11 nao.

Watu wakisema "sauti" wanafikiri ni kelele. Yangu ni mtu. Ananijua, anajua nilichomfanyia marehemu baba, anasubiri niwe nimechoka ndo aseme. Kwa hiyo mtu akiniambia "puuza tu" namuona hajawahi kukaa na mtu anayemjua siri zake. Nilichojifunza ni kwamba siwezi kumfukuza ila naweza kumpangia. Namwambia kwa sauti ya chini, sasa hivi nina kazi, njoo saa kumi na mbili jioni nitakusikiliza robo saa. Mwanzo alicheka. Baada ya miezi akaanza kuja jioni. Mbinu hii inatoka kwa watu wanaosikia sauti wenyewe, walianza Uholanzi mwaka 1987 na daktari wao Marius Romme na mwandishi wa habari Sandra Escher, wakakutana wakafundishana namna ya kuishi nazo.

Nyingine, nikiwa kwenye daladala naweka hedifoni sikio moja tu, mawili napotea. Nikiwa shambani naimba besi ya kwaya taratibu mdomo umefumbwa, besi ikiwa inatembea kooni yule bwana anakosa nafasi ya kuongea, na wanaopita wananiona mlokole tu.

Kuhusu kutamani kufa. Mimi nilivyokaribia sikuwa nataka kufa, nilikuwa nataka ile siku iishe. Ningeambiwa na mtu mmoja kwamba hisia ina kilele halafu inashuka, kwamba nikivuka lisaa moja na nusu sitakuwa mtu yuleyule, ningesubiri. Sasa najua nasubiri. Na pombe nimeacha, ile ikikushukia usiku inakuacha na yule bwana bila mlinzi.

MtuWaMkunazini
Salaam alaykum. Mimi wa Unguja. Khalati yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na maradhi haya tangu mimi sijazaliwa na amekufa mtu mzima kwa presha yake tu. Bibi hakuwa akimsema. Siku akiamka vizuri hakuna aliyeshangaa akasema "alhamdulillah leo kapona", siku akiamka vibaya hakuna aliyeshika kichwa. Kikombe chake cha chai kipo palepale, akitaka kukaa na watu anakaa, akitaka kwenda zake ndani anakwenda.

Nimekuja kusoma ukubwani kwamba kuna mtafiti Mmarekani, Juli McGruder, alikaa Zanzibar miaka ya 1990 na familia zenye wagonjwa hawa na akayaona hayahaya, ule utulivu wa majumbani mwetu, na imani kwamba masheitani huja na kuondoka hivyo mtu hawi kesha haribika moja kwa moja. Na kabla yake London kulikuwa na mtafiti George Brown, tokea miaka ya 1950 mwisho, aliona wagonjwa waliorudi kwao ambako wanasemwa sana, au wanachukiwa, au wanachungwa kila dakika kwa kupendwa kupita kiasi, ndio wanaorudi hospitali zaidi. Naomba walezi mulione hilo la mwisho. Baada ya jaribio la kujiua jamaa humganda mtu mpaka chooni. Lazima achungwe, nakubali, lakini kuna kuchunga kunakomwambia mtu kila saa kuwa yeye ni mzigo.

DadaMkubwa
Mtu wa Mkunazini umenigusa, tulimganda hivyo hivyo. Mama alikuwa analala mlangoni kwake kama mbwa wa getini, na Dogo kwenye kalenda akaandika "hatia 9".

Tukakaa kikao, na yeye akiwemo, tukaandika mpango. Huu mpango wa usalama ulitungwa na wanasaikolojia wawili Wamarekani, Barbara Stanley na Gregory Brown, na utafiti uliotoka 2018 kwa wanajeshi wastaafu waliofika hospitali za dharura ulionyesha waliopewa mpango na kufuatwa kwa simu baadaye walikuwa na vitendo vya kutaka kujiua pungufu kwa asilimia 45 ndani ya miezi sita, ukilinganisha na waliopata huduma ya kawaida. Hao hawakuwa wagonjwa wa skizofrenia peke yao, ila karatasi na simu mbili tatu havigharimu ng'ombe.

Wa Dogo uko kwenye kipande cha daftari la mistari, kwa mwandiko wake, umekunjwa nyuma ya kava la simu. Nimeruhusiwa kuuandika. Juu kaandika dalili zake mwenyewe: "nikilala mchana siku mbili, nikianza kuhesabu hela za mama, nikiona watu wote wananicheka." Chini yake anachofanya peke yake: karai, kuchanja kuni, redio. Halafu watu wa kukaa nao bila kuwaambia kitu, kinyozi wa pale stendi na mjomba anayefuga kuku. Halafu wa kuwaambia ukweli, mimi, baba mdogo, na neno la siri ni "mahindi". Alilichagua yeye. Akiniandikia "mahindi" naacha chochote napiga. Mwisho hospitali na namba ya nesi. Halafu mstari ambao hakuuandika yeye tuliuongeza pamoja: dawa zake zote ziko kwenye sanduku la mama lenye ufunguo, anapewa za wiki, na sumu za shamba zilihamia stoo ya jirani. Hilo la kuondoa vitu vya hatari karibu naomba msilione dogo, ile saa mbaya ni fupi, na kila hatua inayomchelewesha mtu inampa nafasi ya kuivuka.

BintiKisauni
Hamjambo wa huko. Niko Mombasa, kakangu anaugua vivyo hivyo. Hapo pa polisi pamenikera sana kwa sababu hata kwetu tulimficha tukiogopa kifungu 226 cha sheria ya Kenya, kilichoita kujaribu kujiua kosa. Basi mjue, tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu Nairobi ilikitangaza hicho kifungu kuwa kinyume cha Katiba, kwamba anayejaribu kujiua ahitaji matibabu si jela. Na kwa walio Kenya, Msalaba Mwekundu wana laini ya bure 1199, waweza kupiga kwa ajili yako au ya ndugu yako.

NesiWaZamu
Kwetu Tanzania kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu bado kinaita kujaribu kujiua kosa, na ninyi mnaoandika sheria kama mnapita humu someni uzi huu. Ila kazini kwangu sijawahi kumrudisha mtu kwa sababu hiyo. Njooni.

Niongeze kwa ambao sauti na mawazo ya kufa havishuki na dawa za kawaida. Iko dawa klozapini, ni ya zamani, na ndiyo pekee iliyoidhinishwa Marekani, mwaka 2002, mahususi kupunguza kujiua kwa wenye skizofrenia, baada ya kupimwa kwa wagonjwa 980 kwa miaka miwili ikilinganishwa na olanzapini, dawa nyingine ya ugonjwa huu. Inahitaji kupima damu kila wiki miezi ya mwanzo kwa sababu inaweza kushusha chembe nyeupe, na si kila hospitali inayo, ila ulizeni. Mgonjwa anayo haki ya kusikia kwamba bado kuna cha kujaribu.

Na vikundi. Muhimbili na Mbeya kulifanyika mradi wa watafiti wa Muhimbili na Chuo Kikuu cha Duke, unaitwa KUPAA, Kuwezeshana Kupata Uzima, mgonjwa anakuja na ndugu yake mmoja, wanakaa familia kadhaa pamoja wanatatua shida ya kila mmoja zamu kwa zamu. Hata kama hamna kitu kama hicho mlipo, familia tatu chini ya mwembe zinaweza kuanza.

Mgeni_22
Nimejiunga leo ili niandike hapa. Mimi ndiye mliyesema nisisome peke yangu. Nimeruhusiwa wodini wiki mbili zilizopita. Kila mtu nyumbani anafurahi nimetulia.

DadaMkubwa
Mgeni nipo hapa, siendi popote. Nakuuliza waziwazi, leo unawaza kujiua?

Mgeni_22
Ndiyo.

DadaMkubwa
Asante kwa kuniambia. Kuna kitu karibu yako cha kujidhuru? Kama kipo toka hapo ulipo sasa hivi uende kwenye chumba chenye mtu. Nani yuko nyumbani?

Mgeni_22
Kaka yangu. Yuko sebuleni na mpira.

Mvumilivu_87
Mgeni, kaka hutamharibia mpira. Nenda na simu mkononi, huna haja ya kutafuta maneno, mpe asome ulichoandika hapa juu. Hiyo saa uliyonayo inashuka, nimekaa ndani yake mara nyingi.

NesiWaZamu
Kaka ukisoma hapa, usimkaripie na usimhubirie. Kaa naye, usimwache usiku huu, dawa zote za nyumbani zishike wewe, na mwende hospitali. Akizidiwa msingoje asubuhi, dharura zinafunguliwa usiku.

Mgeni_22
Amesoma. Amezima tivii. Tumekaa tu.

Mzee wa Kibena
Mwanangu, mimi na mke wangu tuko macho tunakuombea. Na nimekuwekea hela kidogo ya bodaboda, muombe dada akupe namna ya kuipata.

Mgeni_22
Tumefika. Tumeandikishwa, tuko namba 14. Kaka kaniuliza nitamwambia daktari nini sijui.

DadaMkubwa
Kunyweni maji na mle kitu, hilo benchi ni refu. Mwonyeshe daktari ile "ndiyo" uliyoniandikia mimi, usimwambie uko poa. Ukimaliza niandikie, saa yoyote.